Samaki wa Gatini Wamekwenda Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana, ahsanteni kwa kuja, maana naona wingu la mvua bado limetukalia kichwani.

Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa gatini hapa Tanga. Naomba mniruhusu nianzie mbali kidogo. Kule Key West, kusini kabisa mwa Florida, Marekani, kuna boti za kukodi zinazopeleka watu baharini kuvua kwa starehe. Desturi yao ni kwamba mkirudi, samaki wenu hutundikwa kwenye ubao pale pale gatini, nanyi mnasimama kando mpigwe picha. Mtafiti mmoja, Loren McClenachan, alikusanya picha hizo, za kuanzia mwaka 1956 hadi 2007, akawapima samaki wanaoonekana. Mwanzoni samaki mmoja alikuwa na wastani wa karibu kilo 20. Mwishoni ni kilo 2 na ushee. Machewa makubwa kama mtu yametoweka ubaoni, na mahali pao wametundikwa samaki wa kuenea sufuria moja.

Tabasamu za watu, hata hivyo, hazikupungua. Wa 2007 amefurahi sawasawa na wa 1956, kwa kuwa ubao wa 1956 hakuwahi kuuona. Jambo hilo linanitisha kuliko hata zile kilo zilizopotea. Mwanabaiolojia wa samaki Daniel Pauly alilieleza mwaka 1995: kila kizazi huichukulia bahari kiliyoikuta kilipoanza kazi kuwa ndiyo bahari kamili, kisha hupima hasara kuanzia hapo.

Sisi hatuna picha nyingi kama zile, lakini wazee tunao. Nilipokuwa mdogo, jioni maji yanapoanza kujaa, gati lilijaa watu. Walikuwapo makuli waliotoka zamu, walimu, na watoto waliotumwa dukani wakapitiliza. Chombo kilikuwa mshipi uliozungushwa kwenye kopo, ndoana, chubwi la risasi, na chambo cha kamba au kipande cha ngisi. Mshipi unaulaza juu ya kidole cha shahada na kuusikiliza. Changu hugonga kisha akavuta kuelekea chini, na hapo usipokaza ataingia kwenye nguzo na mshipi utakatika. Tasi ana mambo yake. Chakula chake ni mwani, kwa hiyo wazee walimtegea donge dogo la unga uliokandwa, naye hudokoa polepole hata usijue kama ni samaki au ni mkondo. Mtu alirudi nyumbani na kitoweo, na mara nyingi na cha jirani.

Najua wapo watakaosema huyu anautamani ujana wake. Kweli, nautamani. Lakini ndani ya hamu hiyo kuna habari kuhusu bahari, na ndiyo niliyokuja kuieleza.

Samaki wengi tuliowavua gatini walikuwa bado hawajakomaa. Aina nyingi za changu na jamaa zao huanza maisha kwenye mikoko na kwenye majani ya bahari, ambako kuna chakula na maficho, na wakikua ndipo huhamia kwenye miamba ya matumbawe. Gati letu lilikuwa njiani. Likikosa samaki, basi kuna kilichoharibika mwanzo wa njia au mwisho wake. Kwetu sisi vimeharibika vyote viwili. Mikoko imekatwa kwa nguzo na kuni. Juya limekokotwa juu ya majani ya bahari, na vyandarua vimezoa hata vifaranga visivyofaa kuliwa.

Na huko kwenye miamba kulikuwa na baruti. Wana Tanga tunaujua mlio wake. Sheria ilipiga marufuku uvuvi wa baruti tangu 1970, lakini baruti ikaendelea kulipuliwa kwa miongo mingi. Mtu anatupa chupa yenye utambi katikati ya kundi la samaki, mshindo unapasua vibofu vyao vya hewa, na wengi wanazama chini wasiokotwe. Wanaopatikana ni wale wanaoelea tu. Mwamba wenyewe unabaki kifusi, na kifusi kinachosukumwa na mawimbi hakimpi tumbawe mchanga mahali pa kushika. Likaja na joto la El Niño la 1998, matumbawe yakapauka. Milipuko imepungua sana tangu vyombo vya dola vilipoanza kufanya msako kwa pamoja katikati ya miaka ya 2010, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu. Ila mwamba haujengeki kwa muda uliotumika kuuvunja.

Tena kuna suala la wakubwa. Chewa wengi huzaliwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa umemaliza madume. Na jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko majike madogo kadhaa yakiunganishwa. Fahari ya yule mpigwa picha ilikuwa ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata.

Je, yanarekebishika? Nendeni Kuruwitu, Kilifi, kwa jirani zetu Wakenya. Miaka ya mwanzo ya 2000 wenyeji waliona samaki wamekwisha, na waliokumbuka jinsi bahari ilivyokuwa ndio waliopiga kelele. Wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, hekta 30 hivi, watu wasivue. Samaki walirudi ndani ya eneo hilo, na mwaka 2017 kazi yao ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pemba na Songosongo wamefunga miamba ya pweza kwa miezi michache kwa zamu, na pweza kwa kuwa hukua upesi, akina mama wanaochokoa wakati wa bamvua huona faida mapema. Chewa atataka miaka, tena mingi, na anayewaahidi vinginevyo msimsikilize.

Sasa ombi langu. Yeyote mwenye picha ya zamani yenye samaki na kitu cha kulinganishia, iwe baiskeli, ndoo au mkono wa mtu, ailete tuipige nakala, aondoke nayo. Asiye na picha tutamsikiliza. Vijana, msiwaulize wazee habari za samaki mkubwa kuliko wote peke yake. Waulizeni jioni ya kawaida walipata wangapi, wa aina gani, kwa kaskazi au kwa kusi, kwa chambo gani, na ni samaki wa kimo gani waliyekuwa wakimrudisha majini kwa kumwona mdogo. Mzee aonyeshe kwa mikono, nanyi mpime kwa rula na kuandika mwaka. Madaftari yako pale mezani.