Usicheze kwa Jina la Mtu Mwingine

Mhadhara kwa wanamichezo wa shule za sekondari, kabla ya mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya

Wakuu wa shule mliofika, walimu wenzangu wa michezo, wazazi, shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wanangu mliokaa hapa mbele na jezi zenu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa mwanamichezo wa shule. Mada hii ikitajwa mnajua kitakachofuata: nidhamu, kujituma, kuheshimu walimu, kutunza vifaa. Mmeyasikia paredi, na ni ya kweli, sitayabeza. Lakini leo naanza na jambo ambalo paredi halitajwi, ingawa kila mmoja humu ukumbini analifahamu. Naanza na mamluki.

Kuna aliyemaliza kidato cha nne juzi na sasa anacheza ligi ya mtaani, analetwa wiki moja kabla ya mashindano, anapewa sare ya shule na jina la mwanafunzi aliyemo kwenye daftari la mahudhurio. Kuna mwingine ambaye ni mwanafunzi kweli, ila miaka yake imepunguzwa kwenye karatasi. Na kuna wa tatu, ambaye hatumwiti mamluki lakini yumo: yule aliyekubali jina lake litumike, akabaki nyumbani wakati mtu mwingine anaitikia "nipo" kwa niaba yake. Wote watatu nimewaona. Mara nyingi ni watoto wazuri, wasikivu, na ndiyo maana wanatumika kirahisi.

Mnajua uhakiki unavyokuwa. Meza zinawekwa kwenye varanda ya jengo la utawala, maafisa wanakaa na mafaili yao: cheti cha kuzaliwa, picha yenye muhuri wa shule, namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Mchezaji mmoja mmoja anaitwa. Niliwahi kusimama pembeni ya meza kama hiyo nikamwona kijana mrefu, ndevu zimenyolewa asubuhi ileile, anaulizwa maswali mepesi kabisa. Jina lako? Akalitaja. Mwalimu wako wa darasa ni nani? Akatazama juu. Kidato chenu kina mikondo mingapi? Akamtafuta kwa macho mwalimu aliyekuja naye, na mwalimu alikuwa ameshageuka anaongea na simu. Suruali ya sare ilikuwa ya mtu mwingine, imeishia juu ya vifundo vya miguu, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua mshono wa suruali hiyo, juu chini, juu chini. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa alitaja yake ya kweli, kisha akajirudi, akataja ile ya kwenye fomu. Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alikuwa kijana mwenye mguu mzuri wa kushoto, ameahidiwa viatu na nauli, na walioahidi wote walikuwa wamemwacha peke yake pale mezani.

Huyo angalau alionekana. Kuna mwingine ambaye hafiki mezani hata siku moja. Nazungumzia msichana wa kidato cha pili, mchezaji wa netiboli, nafasi yake WD, mlinzi wa pembeni, amefanya mazoezi na timu tangu shule zilipofunguliwa Januari, alfajiri kabla ya usafi wa mazingira na jioni baada ya vipindi. Siku ya safari ameshajiandaa. Godoro limekunjwa na kufungwa kwa kipande cha kanga. Ndoo imeandikwa jina lake kwa rangi ya kucha. Raba zimesuguliwa kwa mswaki hadi zimerudi weupe. Kosta imeshafika getini, na hapo ndipo anaambiwa nafasi imepata mtu mwingine, yeye atakwenda mwakani. Huyo mtu mwingine yumo ndani ya gari, na hakuna aliyewahi kumwona darasani. Yule binti hakulia. Alibeba godoro lake akarudi nalo bwenini, akalitandika upya kitandani, akaketi juu yake na raba zake miguuni. Tunapohesabu vikombe kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa shule, hakuna mahali tunapomhesabu huyu.

Mtasema haya ni mambo ya shuleni, madogo. Hayaishii shuleni. Timu zetu za taifa za vijana zinapata wachezaji kutoka viwanja hivihivi vya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilienguliwa kwenye fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima iliadhibiwa, pamoja na wale ambao vyeti vyao havikuwa na doa. Miaka ikapita. Mwaka 2016 Serengeti Boys wengine wakakutana na Kongo Brazzaville, raundi ya mwisho ya kufuzu. Dar es Salaam tukashinda 3-2, kule Brazzaville tukafungwa 1-0, tukatolewa kwa bao la ugenini. Tulikuwa tumekata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaagiza aletwe kupimwa umri, hakuletwa, Kongo ikaondolewa na vijana wetu wakapanda ndege kwenda Gabon, Mei 2017. Wakatoka sare ya bila kufungana na Mali, Mali hiyohiyo iliyoondoka na kombe. Wakaifunga Angola 2-1. Wakafungwa na Niger 1-0 na safari ikaishia hapo, lakini walikwenda, walicheza, na kila mmoja alicheza kama yeye mwenyewe.

Kipimo cha umri kinachotumika ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, ya kifundo cha mkono. Mtoto anapokua, kwenye ncha za mifupa kuna sehemu laini inayoendelea kurefuka, na ukuaji ukikamilika sehemu hiyo inaungana na mfupa mzima. Kipimo kinaangalia muungano huo. Ukiwa umekamilika kabisa, mchezaji haruhusiwi kucheza mashindano ya chini ya miaka 17, hata alete cheti cha namna gani. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2009, kule Nigeria. Kwa hiyo mwanangu, karatasi iliyokuvusha wilayani na mkoani haitakuvusha huko. Na siku hiyo utakuwa peke yako, kama yule kijana wa suruali fupi.

Halafu fikiri juu ya ushindi wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliondoka mbele tangu mlio wa bastola kwenye mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, akaongoza hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Alikuwa na miaka ishirini. Baadaye yeye na mkewe wakaanzisha shule, na mpaka leo shule hizo zinaitwa kwa jina lake. Aliyekimbia kwa jina la mwanafunzi mwingine hata akivunja rekodi ya mkoa, kesho yake rekodi ile ni ya mtu aliyekuwa nyumbani anachota maji. Skauti wa vipaji akija kuulizia "yule namba saba", anaulizia mtu ambaye hayupo.

Sasa najua swali lenu, na ndilo gumu kuliko yote. "Mwalimu, mimi ni mwanafunzi. Aliyeniambia nikubali ni mwalimu wa michezo, au ni mtu kutoka wilayani. Tumefundishwa kutii. Nifanyeje?"

Nalijibu mbele ya wakuu wenu wa shule, kwa makusudi, ili nao wasikie. Mkufunzi anakudai uwahi mazoezi, ukimbie mizunguko aliyokupangia, ucheze nafasi aliyokupa hata kama hukuipenda, ukae benchi bila kununa, urudi kambini saa aliyosema. Hayo mtii bila kinyongo. Hakudai uongo wako. Akikuomba jina lako litumiwe na mtu mwingine, mwambie kwa heshima zote, "Samahani mwalimu, hilo sitaweza." Huhitaji kubishana wala kupaza sauti. Mwambie mzazi wako siku hiyohiyo. Na wewe kapteni, hapo ndipo kazi yako inapoanza. Usifikiri kitambaa cha mkononi ulipewa kwa ajili ya kurusha shilingi na mwamuzi. Mchezaji wa kidato cha kwanza akiogopa kusema, unamsemea wewe.

Na nikiwa bado hapo kwenye utii, kuna jambo moja ambalo ningekuwa mnafiki kuliruka. Kambini mnalala mbali na nyumbani, madarasani, chini ya watu wazima ambao baadhi yao hamkuwajua wiki iliyopita. Mabinti zangu, na wavulana pia: hakuna nafasi kwenye timu inayopatikana chumbani kwa mwalimu. Hakuna mazoezi ya mtu mmoja usiku. Hakuna kipimo cha afya kinachofanywa na kocha mlango ukiwa umefungwa. Mtu akikuita hivyo, usiende. Ukiwa umeshakwenda na limeshakupata, kosa si lako hata chembe. Mwambie matroni, mwambie mzazi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo chochote cha polisi, au piga 116, simu ya watoto, ni bure. Na wenzake mkimwona ameacha kula au ameacha kucheka, msimwache alale peke yake mwisho wa safu. Timu ni pamoja na hilo.

Walimu wenzangu, nawaona mmenyamaza. Kambi nyingi zinakwenda salama kwa sababu yenu, mnaolala kwenye kiti mlangoni pa madarasa ya wasichana na kuamka kuwapikia uji. Nasema haya kwa ajili ya heshima yenu.

Masomo nitayapitia haraka, kwa kuwa mnayajua. Mwanamichezo wa shule ambaye haingii darasani amegeuka mamluki wa aina yake, hata kama cheti chake ni halali. Kabla ya kwenda kambini, pata mwenzako mmoja wa dawati atakayekuandikia notsi vizuri, kisha uzinakili kwa mkono wako ukirudi. Wa kidato cha nne, mitihani yenu ya Novemba haisogezwi kwa sababu mlifika nusu fainali. Na mwalimu akikuongezea alama kwa sababu ulifunga bao, mrudishie.

Waamuzi. Mechi zetu nyingi zinachezeshwa na mwalimu wa shule ya jirani ambaye amekuja kwa baiskeli au bodaboda na hajui kama atarudishiwa nauli. Kumzonga ni aibu. Kapteni peke yake ndiye anayemsogelea, mikono nyuma, anauliza, anarudi.

Na ile "kamati ya ufundi", yaani mambo ya waganga. Mnachangishwa mia tano tano, mnaambiwa msiingie kwa mlango, mruke ukuta, msishikane mikono na wapinzani. Mwezi mzima mmekimbia kwenye vumbi, halafu sifa apewe mtu aliyekaa chini ya mbuyu. Hela hiyo nunueni bandeji, barafu na maji. Na mpinzani mpe mkono, kabla na baada. Ni mwanafunzi kama wewe, na yeye alibeba godoro lake kuja hapa.

Wa benchi nawapa dakika moja zaidi, maana hamsemwi popote. Timu ya netiboli ina saba uwanjani, ya soka kumi na mmoja. Waliobaki ndio wanaofanya mazoezi yawe mazoezi, kwa sababu kila siku kuna mtu anayekukaba kwa nguvu zake zote akijua Jumamosi hatapangwa. Nimemwona kipa wa akiba akimkimbilia kipa wa kwanza aliyefungwa bao la kizembe, akamfunga kamba ya kiatu wakati mwenzake anatetemeka mikono, akamwambia neno sikioni, akarudi kukaa. Huyo ningempanga timu yoyote. Ninyi mnaoanza, mkibadilishwa, mpeni mkono anayeingia na msitupe jezi chini. Jezi ile mwakani itavaliwa na mtoto ambaye leo yuko darasa la saba, kwa hiyo fueni kabla ya kurudisha stoo, na msikate namba mkazibandike kwenye fulana zenu.

Nimemaliza upande wangu, na muda wa maswali umebaki. Kabla ya hapo, fomu za usajili ziko kwenye meza ile ya kushoto. Kila mmoja asogee achukue yake na aisome mwenyewe, asisomewe. Angalia jina kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, majina yote matatu. Angalia tarehe, mwezi, mwaka. Angalia picha. Kukiwa na chochote ambacho si chako, usisaini, niletee mimi hapa. Nipo mpaka saa kumi na moja, na Afisa Elimu ameahidi kusubiri nami. Na kama yupo ambaye hakuona fomu yenye jina lake, ingawa amefanya mazoezi na timu tangu Januari, naye aje.

Haya, swali la kwanza. Wewe binti wa nyuma, simama, tunakusikia.