Seli za Kinga Zikijaa Kwenye Uvimbe wa Ubongo, Mgonjwa Ananufaika?

Nianze na swali nililoulizwa hapo mlangoni: seli za kinga zikionekana ndani ya uvimbe, si dalili njema hiyo? Kwa saratani ya utumbo mpana, mara nyingi ndiyo. Kwa glioblastoma, saratani kali inayoanzia kwenye ubongo wenyewe, inategemea ni seli zipi.

Chukua kipande kilichotolewa kwenye upasuaji, kikatwe kiwe chembamba kabisa, kitiwe rangi, kisha ukitazame kwa hadubini. Seli za kinga utazikuta tele. Pengine hufikia theluthi moja ya uvimbe au zaidi. Ila nyingi ni makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu) na mikroglia (jamaa zao wakaao kwenye ubongo), ambazo saratani imeshazigeuza ziitumikie: zinatuliza kinga na kuchochea mishipa mipya ya damu iote. Seli T, wauaji hasa wa saratani, ni haba, na hizo chache zimechoka. Nyingine ziko wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kwamba nyingi hukwama kwenye uboho. Mimi hilo bado linanishangaza: ugonjwa uko kichwani, askari wamefungiwa mifupani!

Halafu tunampa mgonjwa deksamethasoni ili kupunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe. Nayo inadhoofisha kinga. Lakini mtu anatapika, kichwa kinamuuma hadi haoni vizuri, utamnyima?

Sasa tuje kwenye uhai. Mwaka 2005 ilionekana kwamba kuongeza temozolomaidi, dawa ya kemikali ya kuua saratani, kwenye mionzi kulisogeza muda wa kati wa kuishi (nusu ya wagonjwa huuvuka) kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Wengi tukatarajia dawa za kuamsha kinga zingefanya makubwa zaidi. Nivolumabu, mojawapo ya hizo, ikajaribiwa kwa wagonjwa 369 ambao saratani ilikuwa imewarudia: miezi 9.8, dhidi ya 10.0 kwa waliopewa bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa mipya ya damu isiote. Yaani hakuna tofauti. Dawa ya kuamsha seli T itaamsha nini pale ambapo hazipo?

Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya wagonjwa 35, nao saratani imewarudia. Waliopewa pembrolizumabu, dawa nyingine ya kuamsha kinga, kabla ya upasuaji na kuendelea nayo baadaye walifikia miezi 13.7, walioianza baada ya upasuaji, 7.5. Inaelekea uvimbe ukiwa bado upo, seli T hupata cha kujifunzia. Lakini watu 35 ni wachache mno. Mgonjwa akija kesho na gazeti mkononi, simwandikii dawa hiyo kwa utafiti huo peke yake.