Ratiba ya Matukio na Ratiba ya Mtoto

DADA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada. Habari za tangu juzi?

DADA: Njema kabisa. Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mwenzangu hapa alikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi, yaani ndiye aliyepanga ratiba ya shule, na ndiye aliyelaumiwa ilipovurugika. Leo tunaizungumzia wiki ambayo shule nyingi za sekondari zinaifahamu vizuri: riadha Jumanne na Jumatano, mdahalo Jumatano hiyohiyo, maonyesho ya sayansi Alhamisi, wazazi Ijumaa, na katikati yake mwalimu wa hisabati anakumbusha kwamba jaribio lake liko palepale.

MWALIMU: Ongeza na kwaya, ambayo hufanya mazoezi kila jioni. Ukiisahau, mwalimu wake hatakusamehe.

DADA: Wengi husema kwamba wiki kama hiyo huharibiwa na wingi wa shughuli. Nimekusikia mara kadhaa ukilipinga jambo hilo.

MWALIMU: Bado ninalipinga, kwa kuwa nimeona shule ikibeba shughuli saba kwa siku tano bila kuyumba, na nimeona nyingine ikielemewa na tatu. Chukua orodha ya wakimbiaji, ya wasemaji wa mdahalo, ya klabu ya sayansi na ya kwaya, uzilaze mezani pamoja, nawe utakuta majina yaleyale kumi na tano au ishirini yakijirudia, huku mamia ya wenzao hawamo popote. Kwenye ubao wa matangazo tunabandika ratiba ya matukio, yenye saa, mahali na jina la mwalimu msimamizi, nayo hupendeza macho. Ratiba ya mtoto mmoja, anayetakiwa kuwa uwanjani saa nne na ukumbini saa nne na nusu, hakuna aliyeiandika.

DADA: Mtoto huyo yupo kweli, au ni mfano tu?

MWALIMU: Yupo, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti, na pia msemaji wa kwanza wa upande uliopinga hoja. Mchujo wa riadha ulichelewa kwa dakika 20, jambo la kawaida kabisa. Alipoingia ukumbini mwenyekiti wa mdahalo alikuwa ameshamwita mara mbili, na mtunza muda alikuwa ameshika kengele. Viatu vyake vilikuwa vimejaa chokaa ya mistari ya uwanja, namba ilikuwa bado imebanwa kifuani kwa pini, na kifua chenyewe kilikuwa kikipanda na kushuka kiasi kwamba sentensi yake ya kwanza ilikatika mara tatu. Hoja zake zilikuwa nzuri. Nilizisoma baadaye kwenye karatasi. Siku ile hakuna aliyezisikia.

DADA: Masikini. Kwa hiyo dawa ni kuacha nafasi kati ya tukio na tukio?

MWALIMU: Tena nafasi ya kutosha, na hapo niruhusu nitoe mfano wa riadha yenyewe. Katika mbio za mita 100 kwa wakimbiaji wanne, kijiti hupokezanwa ndani ya eneo la mita 30. Kikipita nje ya eneo hilo kabla hakijabadilisha mikono, timu nzima huondolewa, hata kama ilikuwa inaongoza kwa mbali. Ndiyo maana kocha makini hutumia siku nyingi kuwafundisha watoto kupeana kijiti, ingawa kila mmoja wao tayari anajua kukimbia. Shuleni sisi tunaandaa riadha vizuri na mdahalo vizuri, halafu tunasahau mita zile 30 zilizo katikati, ambazo ndani yake mtoto anatakiwa kunywa maji, kubadili nguo, kutembea hadi ukumbini na kukumbuka anakwenda kusema nini.

DADA: Na viti, Mwalimu. Mimi nilikuwa kiranja, nami nakumbuka kwamba viti vya ukumbini ndivyo vilivyotakiwa pia uwanjani kwa wageni.

MWALIMU: Viti ni somo zima! Mtu akiniletea ratiba, swali langu la kwanza huwa: viti hivi vinahamishwa na nani, na saa ngapi? Asipoweza kujibu, ratiba hiyo haijakamilika.

DADA: Nikubane kidogo kuhusu masomo. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunayojifunza husahaulika kwa kasi kubwa mwanzoni yasiporudiwa. Mzazi anayelalamika kwamba wiki nzima imeliwa na michezo ana hoja.

MWALIMU: Anayo, na simbishii. Ninachokataa ni kuifuta siku yote kana kwamba shule imefungwa. Nusu saa ya marudio baada ya mkutano wa asubuhi haimzuii mtu kukimbia. Tena shughuli zenyewe zina masomo ndani yake, iwapo walimu watazungumza wao kwa wao. Chukua uwanja wa riadha: njia moja ina upana wa mita 1.22. Anayezunguka katika njia ya nje hukimbia duara lenye nusu kipenyo kilichozidi kwa kiasi hicho, kwa hiyo zidisha 1.22 kwa 2 na kwa pai, upate takriban mita 7.67, ambazo ndizo anazosogezwa mbele ya jirani yake wa ndani katika mbio za mzunguko mmoja. Nimeona mwalimu wa hisabati akiwapa darasa lake futi kamba na ndoo ya chokaa, akawaachia wakokotoe na kuchora wenyewe. Kundi moja lilikosea likazidisha kwa pai pekee, na wakimbiaji ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika.

DADA: Lakini usiku je? Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Ukiweka mazoezi ya kwaya, kisha maandalizi ya mdahalo, kisha bango la sayansi, kijana huyu analala saa ngapi?

MWALIMU: Hapo sina cha kujitetea. Jioni huonekana kuwa muda wa bure kwa sababu tu haimo kwenye ratiba ya vipindi, kwa hiyo kila mwalimu huichota akidhani yuko peke yake. Siku hizi nikiombwa ushauri, husema kwaya ipumzike usiku wa kuamkia maonyesho ya sayansi, na anayetaka kukasirika akasirike.

DADA: Maonyesho hayo umeyapitia haraka, nami ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Niliwahi kuwa jaji. Kijana mmoja alileta jiwe na kamba ya mita moja, bila taa wala injini, akazungukwa na mabango ya rangi. Alilibembeza jiwe mara 20, akapata sekunde 40 na kidogo, akagawanya kwa 20. Nikamuuliza kwa nini asipime bembeo moja tu. Akanijibu kwamba kidole chake huchelewa kubonyeza saa, na kwamba ucheleweshaji ule ukigawanywa kwa 20 unakuwa mdogo.

MWALIMU: Huyo alikuwa amelala usingizi wa kutosha.

DADA: Inawezekana hakuwa kwenye kwaya. Siku ya wazazi tuiache, kwa sababu hotuba ni zilezile. Lakini hujatuambia, yule msichana wako mdahalo uliishaje?

MWALIMU: Walishindwa, kwa alama mbili. Alikuwa ameingia ukumbini na kijiti mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia amkabidhi nani, na katika kujieleza akawa anamnyooshea mpinzani wake kijiti hichohicho, mpaka mwenyekiti akamwomba akiweke chini. Akakiweka chini ya kiti, akakisahau.

DADA: Na kule uwanjani?

MWALIMU: Kule uwanjani walikitafuta hadi saa tisa. Fainali ikakimbiwa kwa kipande cha mpini wa fagio.