Jinsi ya kufunga antena ya redio koli juu ya paa la Land Cruiser

Habari zenu ndugu watazamaji, na karibuni tena gereji. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Land Cruiser mkonga, imerefushwa, gari ya safari kama zinazojaa hapa Arusha kila msimu. Dereva wake ameileta na lalamiko moja: akiwa mjini redio koli inapiga vizuri kabisa, lakini akishavuka geti la Naabi kuingia Serengeti, wenzake anawasikia vipande vipande, na yeye akiita hasikiki. Kaambiwa redio imekufa. Nimeifungua redio, ni nzima. Shida ni hii hapa, kamera isogee kidogo. Mnaiona antena? Imefungwa kwenye bampa la mbele, kwa kipande cha chuma kilichopakwa rangi, tena chini ya usawa wa boneti. Leo tunaihamishia juu ya paa, na nitaonyesha kila kitu ili na wewe uweze.

Kabla sijashika drili, naomba mnisikilize kwa makini. Watu wengi wanadhani antena ni ule mkwaju, yaani fimbo ya chuma, unaosimama juu. Mkwaju ni nusu tu. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Umeme wa mawimbi unapanda kwenye mkwaju na wakati huohuo unatandaa kwenye bati pande zote. Ukifunga mkwaju mahali pasipo na bati, au kitako chake, kile kinachoushikilia kwenye gari, kisigusane na bati, umefunga nusu antena. Karibu kila gari linaloletwa kwangu kwa tatizo la kutosikika, tatizo linakuwa hapo.

Na kwa nini juu ya paa? Mawimbi ya VHF, haya ya redio za safari, yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kilima kikikaa katikati, yamekwama. Dereva aliyewahi kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro anajua: ukuta wa karibu mita 600 umekuzunguka, na bila ripita, mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena, iliyofungwa juu ukingoni huongei na mtu wa nje. Kila sentimita unayopanda inakusaidia. Antena ya bampa inazibwa na bodi ya gari lenyewe, kwa hiyo aliye nyuma yako hakupati.

Jambo la kibali nalipitia haraka. Redio hizi zinatumia masafa, yaani zile namba za megahezi mnazorushia, yanayotolewa kwa leseni. Tanzania ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya kule. Hakikisha kampuni yako ina leseni na unajua masafa yako ni yapi, maana hata urefu wa antena tutaukata kwa masafa hayo.

Haya, vifaa. Nina kitako cha antena cha kutobolea, kile kinachoitwa NMO, kimeshaungwa na waya wake wa koaksia, yaani waya wa antena, aina ya RG-58 ya omu 50. Nina mkwaju wa robo wimbi, yaani urefu wake ni robo ya wimbi la redio, wenye springi chini. Springi usiiache, kwa sababu matawi ya migunga hayana huruma. Nina drili, msumeno wa tundu wa milimita 19, tupa ndogo ya mviringo, msasa, tepu ya karatasi, rangi ya kuzuia kutu, multimita ya kupimia umeme, mita ya SWR inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, na chuma cha kulehemu. Na miwani. Vipande vya bati vinaruka, vaa miwani.

Kuna watakaouliza, kwa nini nisitumie ya sumaku nikaepuka kutoboa? Kwa gari ya mjini sikatai. Kwa barabara zetu za vumbi zenye mawimbi kama bati la nyumba, sumaku inatembea. Vumbi linaingia chini yake, linasugua rangi, na siku moja tawi linaikwanyua. Gari ya kazi, toboa.

Sasa mahali pa kutoboa. Gari hili lina paa linaloinuliwa. Humo sifungi, maana waya utakunjwa kila likipandishwa na kushushwa, siku si nyingi utakatika. Naweka kwenye kipande cha mbele, kile cha bati kilichotulia juu ya dereva, katikati kati ya kulia na kushoto. Kwa masafa ya VHF antena ingependa bati la nusu mita kila upande. Hapa kwa mbele na nyuma hatupati yote, lakini pembeni tunapata, na inatosha. Kuna sababu nyingine ya kuikaza huku mbele: wageni husimama wakipiga picha kupitia paa. Redio ya wati 25 au 50 inapotuma, mtu asiishike antena, inaunguza. Dereva, kabla hujabonyeza kitufe, angalia nani amesimama na mkono wake uko wapi. Mgeni awe mbali, mita moja hivi au zaidi.

Kama paa lako ni la faiba, simama hapo kwanza. Faiba si bati. Itabidi ubandike karatasi ya chuma kwa ndani, au ununue antena ya nusu wimbi isiyohitaji bati. Ukitoboa faiba ukaweka robo wimbi hivihivi, umepoteza fedha.

Twende ndani. Nimetoa taa ya dari na vibanio vya silingi upande huu wa mbele, nimeishusha taratibu. Angalia, huu ni ubavu wa paa, chuma kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukitoboa juu yake, kitako hakitakaa. Nilishawahi kufanya kosa hilo miaka ya mwanzo: nilipima kwa juu tu, nikaangukia ubavuni, nikalazimika kuliziba tundu kwenye gari ya mtu na kutoboa lingine. Tangu siku hiyo silingi ishuke kwanza, hata mwenye gari awe na haraka ya namna gani. Angalia pia waya wa taa umepita wapi, usogeze pembeni. Na gari za kisasa zina mifuko ya hewa kwenye nguzo na kingo za paa. Ukiwa nayo moja, usipitishe waya juu ya mfuko.

Napima kutoka kulia, napima kutoka kushoto, naweka alama. Nabandika tepu ya karatasi msalaba ili msumeno usiteleze ukachubua rangi. Napiga ponchi, kidogo tu, bati lisibonyee. Kwanza tundu dogo la milimita 3. Naingiza kijiti, naingia ndani kukagua kimetokea wapi. Kimetokea pazuri, mbali na ubavu. Sasa msumeno wa milimita 19. Drili iende polepole, isimame wima, usiisukume. Bati la paa ni jembamba, linakatika lenyewe. Acha msumeno ufanye kazi. Sikia mlio unavyobadilika... hapo. Toa. Kipande hicho cha duara kitoe kwenye msumeno, na vumbi lote la chuma lifagie au livute kwa kifyonza. Chembe moja ikibaki juu ya rangi, mvua ya kwanza itaacha doa la kutu.

Naomba kamera ije karibu kabisa hapa, hili ndilo nililotaka mlione. Ukingo wa tundu una meno. Nayalainisha kwa tupa, nikizunguka taratibu mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Halafu naingia ndani, kwa chini ya bati. Mnaona rangi hii ya kijivu? Kitako cha antena kinagusa bati kwa upande huu wa chini, si wa juu. Rangi ikibaki, hakuna mguso. Nachukua msasa, nakwangua pete nyembamba kuzunguka tundu, upana wa kama ukucha wa kidole kidogo, mpaka chuma king'ae. Ona sasa, kimeng'aa kama shilingi mpya. Pete hiyo ndiyo inayoliunganisha paa lote na antena. Kwa juu sikwangui kitu, rangi ibaki ililinde bati na mvua. Kwenye ukingo wenyewe napitisha rangi ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo, naiacha ikauke, nikihakikisha haimwagikii ile pete yangu.

Kitako napitisha kutoka chini, napokea kwa juu, nafunga ringi yake kwa mkono kwanza. Kikija sawa nakaza kwa spana, lakini si kwa hasira. Shaba ni laini, uzi wake ukiharibika umenunua kingine. Mpira wa kuzuia maji uko kwenye antena, usiupoteze. Ukitaka kuongeza silikoni kwa nje, kagua aina yake. Ile inayotoa harufu kali ya siki inakula chuma. Tumia isiyonuka siki.

Kabla ya kuendelea, multimita. Waya mmoja kwenye ringi, mwingine kwenye boliti safi ya bodi. Inasoma karibu sifuri. Vizuri. Sasa kati ya kipini cha katikati na ringi: haisomi kitu, haijagusana. Vizuri pia. Vipimo hivi viwili vya nusu dakika vinakuepusha kushusha silingi mara ya pili.

Waya naupitisha juu ya silingi hadi kwenye nguzo ya kioo cha mbele, unashuka nyuma ya plastiki, unatokea chini ya dashibodi. Usiukunje kwa kona kali, usiubane na skrubu. Koaksia ndani yake ina plastiki laini inayotenganisha waya wa kati na wavu wa nje. Ikipondeka, umbali huo unabadilika na nguvu inarudi kwenye redio. Funga kwa klipu kila baada ya sentimita 20 au 30 ili usigongegonge njiani. Ukibaki mrefu sana, ukate, usiuviringishe kama kamba ya mbuzi.

Plagi ya mwisho, ile inayoingia kwenye redio, ni aina ya PL-259. Kwanza ingiza kofia ya plagi kwenye waya, wengi huisahau wakakumbuka wameshalehemu. Menya ganda la nje, rudisha wavu nyuma, menya plastiki ya kati, ingiza. Hapa tena nataka mtazame: unywele mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati, umepiga shoti. Uutafute kwa macho, uukate. Lehemu ncha ya kati na matundu ya pembeni, haraka, plastiki isiyeyuke. Pima tena kwa multimita.

Umeme wa redio yenyewe nauchukua moja kwa moja betrini, waya mwekundu ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri. Usidandie waya wa taa au wa redio ya muziki. Na kwa wenye malori: mengi ni volti 24, redio hii ni ya volti 12. Weka kipunguza volti, la sivyo utaiunguza.

Tunafika kwenye kukata mkwaju. Wimbi linahesabiwa hivi: 300 gawa kwa masafa yako ya megahezi, unapata mita. Tuchukue mfano wa megahezi 150, ni mita 2, na robo yake ni sentimita 50. Kwa kweli mkwaju hupungua kidogo, unaishia kama 47 au 48 hivi. Mimi naanza na 50 kamili. Kukata ni rahisi, kurefusha hakuna.

Naweka mita ya SWR kati ya redio na antena. Usitume kamwe bila antena, utaua transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena. Gari liwe nje, milango imefungwa, mtu asiwe karibu na paa. Natuma kwa nguvu ndogo, kwanza kwenye chaneli ya chini, kisha ya juu. Chini inasoma 1.4, juu 1.9. Maana yake antena ni ndefu, imelala upande wa masafa ya chini. Nakata milimita 3, ambazo kwa masafa haya zinaisogeza karibu megahezi 1. Napima. Nakata tena 3. Napima. Ingekuwa kinyume, juu ndiko kunakosoma vizuri, ningejua ni fupi, na ningetafuta mkwaju mwingine.

Sasa chini 1.3, katikati 1.1, juu 1.3. Hapo naacha. Kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu ya nguvu, kwenye 3 ni robo nzima, kwa hiyo usihangaike kutafuta 1 kamili. Ukikata na kukata na SWR bado inakaa juu ya 2, acha kukata. Rudi kwenye ile pete ya chuma chini ya bati, au kwenye plagi. Karibu kila mara ni mojawapo ya hizo mbili.

Ncha ya mkwaju naipiga tupa isichome mtu, narudisha kikofia chake. Silingi inarudi, taa ya dari inarudi. Lile tundu la zamani pale kwenye bampa naliziba. Dereva, hebu kaa, ita ofisini kwenu. Mwenye zamu amejibu. Mwulize anakusikiaje.

"Safi, kama uko hapa mezani."

Basi, kaka. Ukirudi kutoka safari yako ya kwanza, baada ya zile kilomita za vumbi, pitia hapa niikaze tena ringi na nipime upya. Na ukipeleka gari kuoshwa, zungusha mkwaju uutoe, funika kitako kwa kikofia hiki cha mpira nilichokuwekea kwenye droo ya dashibodi.