Dawa ya Asidi ya Mtoto: Itumike Hadi Lini?

MWALIMU: Karibuni wasikilizaji wetu, Busia, Arua, Kampala na kokote mliko. Sista, nina swali la mama mmoja. Mwanawe ana miaka sita, aliandikiwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa ajili ya kiungulia. Tangu hapo ikiisha ananunua nyingine duka la dawa. Sasa ni mwaka mzima. Anauliza, aendelee?

SISTA: Ahsante mama kwa kuuliza. Mwalimu, dawa hii kwa kawaida mtoto huanzishiwa kwa wiki 4 hadi 8, kisha anarudi aangaliwe. Anakula vizuri? Uzito unapanda? Kama hakuna nafuu, huenda tatizo si asidi kabisa. Kama nafuu ipo, tunajaribu kumpunguzia dawa. Kununua paketi baada ya paketi bila kuonwa na mtu, hapo hakuna anayemtibu mtoto.

MWALIMU: Lakini mzazi akijaribu kuacha, kiungulia kinarudi.

SISTA: Ndiyo, na hapo wengi hukata tamaa. Dawa iliyotumika miezi mingi ikikatwa ghafla, tumbo linaweza kumwaga asidi nyingi kuliko mwanzo kwa muda. Mtoto anaungulika, mama anakimbilia dukani akidhani ugonjwa umerudi. Ndiyo maana dozi hushushwa polepole, mhudumu wa afya akifuatilia.

MWALIMU: Akiitumia miaka kuna ubaya gani?

SISTA: Asidi ina kazi yake. Inaua vijidudu vinavyoingia na chakula na maji, inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma na vitamini B12. Tafiti zimehusisha matumizi ya muda mrefu na maambukizi ya tumbo, nimonia na hata kuvunjika mifupa. Sisemi kila mtoto yatamkuta. Lakini hapa kwetu kuhara na upungufu wa damu tayari vinawaandama watoto, kwa hiyo inaniuma kuona mtoto anapunguziwa kinga hiyo bila sababu.

MWALIMU: Wapo wanaoihitaji kweli?

SISTA: Wapo, tena hao nawatetea! Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Aliyezaliwa umio wake, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, haujaungana akafanyiwa upasuaji. Yule ambaye kipimo cha kamera kimeonyesha umio umechubuka. Hao wanaweza kuhitaji dawa muda mrefu, na wazazi wao wasiache kwa sababu ya maneno yetu ya leo. Wahakikishe tu mtoto anapimwa uzito kila anaporudi, kwa sababu dozi inakwenda na kilo.

MWALIMU: Na kapsuli mtoto anaimezaje?

SISTA: Zile zenye chembechembe ndani, ifungue juu ya kijiko. Utaona vijipunje kama punje za wimbi. Tia juisi kidogo ya nanasi au chungwa, mpe hapohapo, ameze bila kutafuna, ashushie maji. Usizitwange. Kila punje ina ganda linaloilinda isiharibiwe na asidi kabla ya kufika kwenye utumbo. Usichanganye na maziwa, ganda litayeyuka mapema. Mpe nusu saa hivi kabla ya chai ya asubuhi.

MWALIMU: Vichanga je, wanaocheua kutwa?

SISTA: Anacheua, anacheka, ananenepa? Huyo hahitaji dawa. Kucheua huzidi akiwa na miezi kama 4, na wengi huwa wameacha wakifika mwaka au mwaka na nusu. Mbebe wima baada ya kunyonya, na usiku alale chali. Ila matapishi ya kijani, damu, kutapika kunakoruka mbali, au uzito kushuka, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

MWALIMU: Kuna aliyebakiza ranitidini, dawa nyingine ya asidi, ya zamani kabatini.

SISTA: Asimpe mtoto. Marekani iliomba iondolewe sokoni 2020 kwa sababu ya kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

MWALIMU: Basi yule mama wa kwanza afanye nini?

SISTA: Asikate dawa leo. Achukue paketi na lile daftari la matibabu la mtoto, aende kwa daktari, amwulize: mwanangu anatibiwa nini hasa, na tunaanza kupunguza lini? Jibu liandikwe mle daftarini pamoja na tarehe ya kurudi, ili hata siku akihudumiwa na mtu mwingine, asianze upya.