Kuruka Shimo: Barua Pepe kwa Redio

Ndugu zangu, mnaikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Nyaya mbili za intaneti zipitazo baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na huku kwetu kila mtu akawa anakodolea simu inayozungusha kiduara. Tukasema mtandao umekufa. Wapi! Ng'ambo ulikuwa mzima kabisa. Shimo lilikuwa kati yetu na wao. Redio haitengenezi intaneti mpya. Inaruka shimo.

Inarukaje? Unaandika barua kwenye kompyuta kwa mfumo uitwao Winlink. Kompyuta inageuza maandishi kuwa mlio, utadhani chura kakabwa, na redio ya masafa mafupi inaurusha kwa wati 100 hivi. Betri ya gari na waya uliotundikwa mwembeni vinatosha. Wimbi linapanda kilomita mia kadhaa, linagonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, linarudi chini nchi nyingine. Huko kuna kituo chenye intaneti. Kinapokea, kinaipeleka barua kwa mwenyewe, naye anaifungua kama barua pepe yoyote.

Video ya harusi sahauni. Barua pamoja na viambatisho vyake haizidi kilobaiti 120. Picha moja ya simu zenu imeshapita hapo mara nyingi.

Lakini tazameni Puerto Rico. Septemba 20, 2017 kimbunga Maria kilizima umeme kisiwa kizima, na zaidi ya asilimia 95 ya minara ya simu ikanyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba chama cha Marekani cha redio ya ridhaa, yaani ya wanaorusha kwa mapenzi tu bila malipo, ARRL, kiwapatie waendeshaji 50. Kazi kubwa waliyoitiwa ilikuwa kupeleka nje taarifa za walionusurika, ili ndugu zao wajue. Jina la mtu na neno "mzima" havijazi hata kilobaiti moja.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza kama wengine wanaweza kuisoma barua yake ikiwa hewani. Ndiyo mama, wanaweza. Redio ya ridhaa hairuhusu kuficha ujumbe kwa mafumbo, wala kufanyia biashara, kwa hiyo bei ya korosho ipelekeni kwingine. Na leseni ni lazima; hapa Tanzania inatoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Haya, sogeeni mezani, waya uko dirishani. Tutaanza na masafa ya megahezi 14 kabla jua halijazama. Wa kituo cha ng'ambo wakituchunia, giza likiingia tutashuka kwenye 7.