Lita Ngapi Ndani ya Pipa la Kepler

Habari za mchana. Leo ubaoni nimechora umbo moja tu, pipa, na nataka tulipime mpaka tulimalize.

Mwaka 1613 Johannes Kepler, mtaalamu wa falaki aliyekuwa akiishi Linz, Austria, alioa mke wa pili akanunua mapipa ya divai. Muuzaji alikuja na fimbo yenye alama. Akaipitisha kwenye tundu la ubavuni, akaielekeza mshazari hadi ikagusa ukingo wa kifuniko, akasoma alama, akataja bei. Pipa refu, pipa nene, fimbo ni ile ile. Kepler hakutulia. Mwaka 1615 alichapisha kitabu kizima cha ujazo wa mapipa, na mle ndani alizungusha vipande vya duara akapata maumbo aliyoyaita tufaha na limau. Kalkulasi ya Newton na Leibniz ilikuwa bado haijazaliwa! Yeye aliliona umbo kama vipande vyembamba mno vilivyopangwa pamoja.

Tumfuate. Lilaze pipa, mhimili wa x upite katikati yake. Ubavu uwe y = 4 − x²/25, x ikianzia −5 hadi 5, vipimo vyote kwa desimita. Yaani pipa la mita 1, nusu kipenyo 4 kiunoni na 3 kwenye vifuniko. Likate kama tango la kachumbari: kila kipande ni kisahani chenye eneo πy² na unene dx. Jumla ya visahani hivyo ndiyo intigrali yetu.

Fanya mraba kwanza: 16 − 8x²/25 + x⁴/625. Intigrali yake ni 16x − 8x³/75 + x⁵/3125. Weka 5, unapata 80 − 13⅓ + 1 = 67⅔. Nusu mbili za pipa zinalingana, basi 135⅓, mara π, karibu 425. Desimita moja ya ujazo ni lita 1. Lita 425.

Sasa nisikilizeni hapa, maana kosa hili nalisahihisha kila muhula. Mwanafunzi huchukua wastani wa 3 na 4, yaani 3.5, kisha hufanya mraba. Anapata lita 385. Madumu mawili ya lita 20 yamepotea! Sehemu kubwa ya hasara ni tumbo la pipa, kwa sababu wastani wa kweli wa y ni 3⅔. Lakini hata huo ukiutumia unafika lita 422 tu. Zile 3 zilizobaki zimeliwa na mraba: mraba wa wastani si wastani wa miraba. Kwenye umbo la pia, yaani koni, inauma zaidi. Wastani wa nusu kipenyo ni nusu ya ile ya kitako, mraba wake robo, ilhali ujazo wa pia ni theluthi ya mcheduara, yaani silinda, wenye kitako na kimo kilekile.

Na ile fimbo? Kepler aliligeuza pipa kuwa mcheduara, akaona kwamba kwa fimbo ya urefu uleule ujazo hufika kilele urefu wa pipa ukiwa kipenyo mara √2. Mapipa ya Austria yalikaribia uwiano huo, na karibu na kilele, pipa likirefuka kidogo au kufupika kidogo, ujazo haubadiliki sana. Kazi ya nyumbani: fimbo iwe d, urefu wa pipa h, V = πh(d² − h²/4)/4. Tafuteni h inayoleta kilele, tuonane Jumatatu.